Mzazi na Mtoto Njiani kwa Ajili ya Wagonjwa

(Soma kwanza Marko 9:14–29.)



Siku hizi imeingia katika nchi yetu desturi iitwayo matembezi ya hisani. Watu huazimia kwenda mwendo mrefu kwa miguu, au kukimbia, au kupanda mlima, nao huwaomba jamaa na rafiki watoe fedha kwa ajili ya kazi njema fulani. Tangu mwaka 2002 wako wapandao Kilimanjaro ili kukusanya fedha za kupigana na UKIMWI. Na mara nyingine huonekana mzazi na mtoto wake katika safari moja. Basi katika sharika zetu watu huulizana: Je, jambo hili lawafaa Wakristo, au ni mchezo wa watu wa mjini tu? Nami naona yafaa tulipime kwa Neno la Mungu, maana limemgusa mtoto, na yote yamgusayo mtoto Bwana wetu huyatazama kwa makini.

Na tuweke mfano, tupate kuliangalia jambo lenyewe. Tuseme fundi mwashi wa Korogwe na binti yake wa miaka 13 wanakusudia kwenda kwa miguu mpaka Handeni. Njia ile ni kama kilometa 65. Nao wataka kuwasaidia wagonjwa wa akili walioko Lutindi, juu ya mlima katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe. Majirani 40 wanaahidi kutoa shilingi 100 kwa kila kilometa. Wakifika, kila jirani atatoa shilingi 6,500, na jumla yake ni shilingi 260,000. Hii si mali ya tajiri, wala si kitu cha kudharau. Lakini kabla ya kuzihesabu fedha, tumwangalie kwanza baba mwingine aliyeshika njia pamoja na mtoto wake.

Baba huyo twamkuta katika Injili ya Marko. Bwana Yesu alikuwa mlimani pamoja na wanafunzi watatu, nao wengine walibaki chini. Akatokea mtu na mwanawe, mgonjwa tangu utoto. Ugonjwa humwangusha, hutoka povu, husaga meno. Tena mara nyingi umemtupa motoni na majini. Sisi tulio wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa. Twawajua watoto wenye makovu ya moto, kwa kuwa kifafa kiliwashika karibu na mafiga, na waliokuwapo wakaogopa kuwagusa. Maana wengi wamesadiki ya kuwa povu la mwenye kifafa huambukiza. La, haliambukizi hata kidogo. Aliyemwacha mtoto motoni kwa hofu hiyo aliogopa uongo, na mtoto akaungua kweli.

Sasa angalieni namna baba yule alivyoomba. Hakusema habari za mtoto tu, kama mtu aletaye chombo kilichovunjika kwa fundi. Alimwomba Bwana awahurumie na kuwasaidia wote wawili. Alijitia mwenyewe katika ombi. Ugonjwa ulikuwa katika mwili wa mwana, lakini taabu ilikuwa ya nyumba nzima: baba asiyelala usiku, baba asiyeweza kwenda shambani bila kugeuka nyuma, baba asemwaye na jirani kwamba pana jambo alilolifanya. Tena alikuja mbele ya watu wengi. Waandishi walikuwapo wakibishana, mkutano ulikuwapo ukitazama. Ingalikuwa rahisi kumficha mtoto nyumbani, lakini hakumficha.

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Mgonjwa wa akili katika vijiji vyetu ana adui wawili. Wa kwanza ni ugonjwa wenyewe, wa pili ni aibu ya watu wake. Wako waliofungwa kamba katika chumba cha nyuma, hata mgeni akija haambiwi kwamba yupo mtu mle. Wako waendao njiani na nguo zilizoraruka, na watoto wa shule huwafuata wakiwacheka na kuwatupia mawe. Nao watoto hao ni wa kina nani? Ni wetu. Wamebatizwa, wanajua Amri Kumi kwa moyo. Hawakufundishwa kutupa mawe. Walifundishwa kunyamaza, na wengine wakaona ya kuwa mtu asiyetajwa nyumbani aweza kutendwa lolote njiani.

Basi yule binti wa mfano wetu aendapo na baba yake, kila penye kisima ataulizwa, Mwatoka wapi, mwanangu, nanyi mwaenda wapi? Itampasa kujibu. Atasema mbele ya watu wazima, Twawachangia wagonjwa wa akili wa Lutindi. Mara ya kwanza atasema kwa sauti ndogo, huenda na kicheko kidogo cha haya. Mara ya ishirini hatacheka tena. Na yamkini katika kijiji kimoja mwanamke atamvuta baba kando, amwambie polepole, Nami ninaye mmoja ndani. Fedha zingaliweza kupelekwa kwa simu pasipo mtu kutoka mlangoni, lakini neno la mwanamke yule halitumwi kwa simu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuona kwamba matembezi yana faida kupita fedha zake.

Lutindi yenyewe ina habari ndefu. Mwanzo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, palikuwa mahali pa kuwatunza watoto waliookolewa katika utumwa. Na tangu mwaka 1904 wakapokewa wagonjwa wa akili, wakati ambapo hapakuwa na hospitali za namna hiyo katika sehemu hizi za Afrika. Hata leo kazi inaendelea chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa letu, na wagonjwa hufanya kazi za mikono, maana kazi nayo ni dawa. Waliowatunza hapo zamani walikuwa na uhusiano na Bethel, mji wa wagonjwa ulioko Bielefeld katika Ujerumani. Nako Bethel kulianza mwaka 1867 kwa ajili ya watu gani? Kwa ajili ya wenye kifafa, ndugu za mtoto yule wa Marko.

Mchungaji aliyeikuza Bethel, Friedrich von Bodelschwingh, aliijua taabu ya mzazi. Mwezi wa Januari mwaka 1869 yeye na mkewe walifiwa na watoto wao wote wanne, kwa muda wa majuma mawili, kwa kifaduro. Someni tena sentensi hiyo polepole, enyi wazazi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1872, aliitwa Bethel kuwatunza watoto wa watu wengine. Mungu aliwajalia watoto wengine baadaye, na mmoja, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, alikua katikati ya wagonjwa wale, akawazoea kama mtoto azoeavyo jamaa za nyumbani. Baba alipofariki mwaka 1910, mwana akashika kazi.

Mzee yule alikuwa mwombaji hodari. Hakuona haya kuomba vitu vya chini: nguo kuukuu, viatu vilivyoachwa, vyombo vilivyovunjika kidogo. Aliuita mkusanyo huo kwa jina la makombo, akikumbuka jinsi Bwana alivyoagiza makombo ya mikate yakusanywe, kisipotee kitu. Wagonjwa wenyewe wakavitengeneza vitu vile, vikauzwa, wakapata kazi na riziki. Mimi hupenda kukumbuka kwamba mikate ile mitano ilitoka mkononi mwa mtoto. Na mtoto hakuioka mwenyewe, nadhani. Yuko aliyeamka mapema akawasha moto, akampa mwanawe chakula cha safari. Injili haimtaji mtu huyo.

Na yule mwana wa Bodelschwingh yalimpata majaribu ambayo baba yake hakuyaona. Katika vita kuu ya pili, watawala wa Ujerumani walikusudia kuwaua wagonjwa wa akili na vilema, wakiwahesabu kuwa ni mzigo kwa taifa. Katika miaka ya 1940 na 1941 waliuawa watu zaidi ya 70,000 kwa gesi. Bodelschwingh aliletewa makaratasi ya kuandika habari za wagonjwa wake, naye akapinga, akaenda kwa wakubwa kuwatetea. Hakuweza kuwaokoa wote. Mwaka 1940 baadhi ya wagonjwa wa Kiyahudi walichukuliwa kutoka Bethel, wakauawa. Nayataja hayo ili tusidhani kuwahurumia wagonjwa ni jambo laini la kina mama wa Jumapili. Mwana yule alisimama mahali ambapo baba yake alimfundisha kusimama tangu utoto, kwa kuwaita wagonjwa wale kwa majina yao.

Sasa turudi njiani. Kuna mashaka ambayo mtu mwenye akili hawezi kuyapita.

La kwanza ni lile la Mathayo 6, ambapo Bwana akataza kupiga panda mbele ya sadaka. Je, atembeaye kilometa 65 kwa ajili ya sadaka hapigi panda? Aweza kuipiga, naam. Akitembea ili apigwe picha, na binti yake awe pambo la picha, amekwisha kupata thawabu yake. Lakini angalieni tofauti. Bwana akataza mtu kuitangaza sadaka yake mwenyewe. Hakukataza kutangaza haja ya mgonjwa. Mtume Paulo alitangaza haja ya watakatifu wa Yerusalemu katika Makedonia, na Akaya, na Galatia, akawachochea Wakorintho kwa bidii ya Wamakedonia, bila haya yoyote. Sura mbili nzima za waraka wake wa pili, ya 8 na ya 9, ni mahubiri ya mchango. Hutangazi, Mimi nimetoa. Watangaza, Yuko mtu aliyefungwa kamba.

La pili: kwa nini jirani atoe shilingi 100 kwa sababu mwingine amechoka miguu? Miguu yangu ikiuma, mgonjwa hapati nafuu. Hivyo ndivyo, jasho halina nguvu ya dawa, wala halimpendezi Mungu kama malipo. Sisi tulioachiwa dhambi kwa neema tusirudi nyuma tukafikiri ya kwamba maumivu ya mwili hununua kitu mbinguni. Mwendo una kazi nyingine. Aombaye akiwa ameketi kitini aomba sehemu ya mali ya mwenzake. Aombaye akiwa njiani ameanza kwa kutoa siku zake mwenyewe, na fundi mwashi akiacha kazi siku tatu ametoa ujira wake wa siku tatu. Jirani amwona, ndipo asadiki kwamba haja ni ya kweli.

La tatu ndilo zito, nami nataka kukaa hapo kidogo. Katika Waamuzi 11 twasoma habari za Yeftha, shujaa aliyeweka nadhiri kwa haraka kabla ya vita. Nadhiri ilikuwa ya baba; aliyeilipa alikuwa binti yake, mtoto wa pekee, aliyetoka nyumbani akicheza kwa furaha kumlaki. Biblia haikuandika kwamba Mungu aliitaka nadhiri ile. Enyi kina baba, ni nadhiri ngapi tuziwekazo sisi, nao wanaozilipa ni watoto? Mtu asimamaye kanisani akaahidi neno kubwa kwa ajili ya sifa, kisha ada ya shule ikakosekana, huyo ni ndugu wa Yeftha. Na mzazi atangazaye mwendo wa kilometa 65 pasipo kumwuliza binti, kisha asione njia ya kurudi kwa kuogopa kuchekwa, naye ni ndugu yake.

Tena tusisahau mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha vijana wengi walitembea mwendo mrefu kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Kijana mmoja, Seti Benjamini, aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifariki njiani. Taifa lilimheshimu, na ilikuwa haki. Lakini yuko mama aliyezaa mtoto yule, na heshima ya taifa haikumrudishia mwanawe. Kwa hiyo nasema wazi: safari ya mtoto ipimwe kwa nguvu za mtoto. Kilometa 65 kwa siku moja ni wazimu. Kwa siku nne au tano, kuondoka kabla ya jua, kupumzika tangu saa nne asubuhi, maji ya kutosha, viatu vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, hiyo yawezekana. Barabara ile ni ya lami, magari makubwa hupita kwa kasi. Basi waende upande wa kulia, wayaone magari yakija. Iwe wakati wa likizo. Na binti akisema siku ya pili, Baba, siwezi tena, baba apande naye gari mara moja, na majirani walipe kwa kilometa zilizokwisha. Asisikie neno moja la lawama.

Maana iko namna ya kumtumia mtoto ambayo twaiona mijini, nayo yaumiza moyo: mtoto akimwongoza mzazi kipofu kwa fimbo toka asubuhi mpaka jioni, kopo mkononi, wenzake wakiwa darasani. Simlaumu kipofu, nawauliza wapitao, na mimi mmoja wao, kwa nini sarafu yetu huanguka upesi zaidi katika kopo lililoshikwa na mtoto. Apendaye kukusanya fedha aijua siri hiyo, na aweza kuitumia vibaya hata kwa kazi njema. Ipo njia moja ya kupambanua, nayo ni kuuliza kama mtoto ajua. Katika Mwanzo 22 Biblia yasema mara mbili kwamba Ibrahimu na Isaka walikwenda pamoja, na katikati ya maneno hayo mawili mtoto aliuliza swali, naye baba akamjibu. Mtoto asiyeweza kuuliza, Fedha hizi ni za nani? hatembei na baba yake. Amechukuliwa tu.

Wengine watasema: Kwa nini kwenda kuomba Handeni, nchi ya ukame? Afadhali kupita mashambani mwa mkonge upande wa Korogwe, zao lililoletwa mwaka 1893, likaanza na miche 62 tu iliyookoka katika elfu moja. Huko kuna mishahara. Lakini mtu avukapo mto Pangani na kuingia Uzigua aingia katika nchi inayoijua haja kuliko sisi. Katika karne ya 19 njaa iliwabana Wazigua hata wengine wakachukuliwa kwa majahazi mpaka Somalia, nao wakawa watumwa kule; jamaa ziligawanyika, wazazi huku na watoto huko. Wajukuu wao hawakuisahau lugha yao. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wengi walikimbia, na baadhi yao wakaja Handeni, nchi ya babu zao. Mwaka 2003 walipata makazi huko Chogo. Nchi kavu iliwapokea watoto iliowapoteza zaidi ya miaka 100. Mtu asiwaambie watu wa namna hiyo ya kwamba ni maskini mno hawawezi kuombwa. Wamakedonia nao walikuwa katika umaskini mkuu, na Paulo asema kwamba ni wao waliosihi wapewe nafasi ya kutoa. Kutomwomba maskini kwa kumdhania hana kitu ni kumdharau.

Bado neno la hesabu. Paulo hakuubeba mchango peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu aliitaja: mtu asipate kuwalaumu kwa habari ya fedha zile. Ikiwa Mtume hakujiona kuwa juu ya lawama, mwashi wetu naye asijione, wala mzee wa kanisa, wala mchungaji. Binti awe na daftari. Aandike jina la kila aliyeahidi, ameahidi kiasi gani, ametoa kiasi gani, na tarehe. Aandike na wale waliotoa mahindi au mayai badala ya fedha, kama tufanyavyo siku ya mavuno. Chakula na nauli ya kurudi walipe wenyewe, wasikate katika mchango.

Nanyi waalimu wa dini, mkiletewa jambo hili katika mtaa, msilikatae upesi wala msilikubali upesi. Mwiteni mzazi, mwiteni na mtoto, mwulizeni mtoto kwanza. Siku ya kurudi, wekeni meza mbele ya kanisa baada ya ibada. Mtoto asome daftari kwa sauti, wazee wawili wahesabu fedha mbele ya watu wote, na kama zimepungua shilingi 500, semeni zimepungua shilingi 500. Kisha fedha zipelekwe Lutindi na watu wawili, na mmoja wao awe yule binti, ili azitoe kwa mkono wake, apewe karatasi ya kupokelewa yenye jina lake, na kabla ya kushuka mlimani aketi kidogo na wagonjwa awaulize majina yao.